Mwenye Ghala na Asiye na Ghala: Mwili Unapokula na Mwili Unapofunga

Wahenga wetu walinena: Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Kwa maneno hayo machache walizitaja hali mbili ambazo kila mwanadamu huzipitia kila siku ya maisha yake, ajue asijue. Tangu mtu amezapo tonge la mwisho la chakula cha jioni mpaka anywapo uji wa asubuhi, mwili wake hutoka katika hali ya shibe, huingia katika hali ya mfungo, kisha huirudia shibe. Mwenyewe amelala. Hakutoa amri yoyote, wala hakuona badiliko lolote. Lakini ndani yake kazi kubwa imefanyika, tena kwa utaratibu, kama kazi ya mweka ghala mwaminifu.

Wasomaji wetu wapenzi, neno kufunga si geni kwetu. Wakristo hufunga wakati wa Kwaresima. Jirani zetu Waislamu hufunga mwezi wa Ramadhani. Wengine siku hizi hufunga ili wapunguze unene. Na wako wengi wanaofunga bila kupenda, kwa kuwa chungu hakina kitu. Mara nyingi twasikia watu wakibishana juu ya jambo hili. Mmoja asema kufunga kwadhuru mwili. Mwingine asema kwaponya kila ugonjwa. Wa tatu asema mwenye imani ya kweli hahitaji chakula wala dawa. Mabishano ya namna hii hayatakwisha mpaka tujue mwili wenyewe hufanya nini unapokosa chakula. Hilo ndilo somo letu. Na tukilifuata mpaka mwisho tutaona ukweli mmoja ambao kila baba na kila mama yampasa aushike: kufunga ni tendo la mwenye ghala. Asiye na ghala hafungi; huyo anakufa njaa.

KIJIKO KIMOJA CHA SUKARI

Tuanze na damu. Vyakula vya wanga, kama ugali, wali, ndizi, mihogo na viazi, vikimeng'enywa hugeuka kuwa sukari nyepesi iitwayo glukosi. Sukari hiyo ndiyo isafiriyo katika damu na kufika kila pembe ya mwili. Je, damu yote ya mtu mzima ina glukosi kiasi gani? Ni gramu 5 hivi, yaani kijiko kimoja cha chai, basi.

Sasa tuutazame ubongo. Uzito wake ni kilo 1.4 hivi, kama sehemu moja katika hamsini ya mwili mzima. Lakini mtu akiwa ametulia tu, ubongo peke yake hutumia sehemu moja katika tano ya nguvu zote za mwili. Katika siku za kawaida hutumia glukosi gramu 120 hivi kwa siku, usiku na mchana, hata tukiwa usingizini. Msomaji na apige hesabu: gramu 120 kwa muda wa saa 24 ni gramu 5 kwa kila saa. Maana yake, kama sukari ya damu isingeongezwa, ubongo peke yake ungeimaliza kwa muda wa saa moja. Wala ubongo hauna akiba yake wa kutegemea. Sukari ikishuka mno, mtu hutoka jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa, huzimia, na asiposaidiwa aweza kufa.

Lakini sisi hatuli kila saa. Twalala usiku kucha, twaamka, twaenda shambani, na bado akili zetu zafanya kazi. Mtu mzima mwenye afya akipimwa asubuhi kabla hajala, sukari yake kwa kawaida huwa kati ya miligramu 70 na 100 katika kila mililita 100 za damu. Ni nani basi akijazaye kijiko hicho kila kinapopungua?

WAKATI WA SHIBE

Tuchukue mfano wa jamaa moja iliyokula ugali, maharage na mchicha jioni. Ugali umekuwa glukosi; maharage yametoa protini, nayo imevunjwa kuwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Damu inayotoka utumboni ikiwa imebeba vitu hivyo haiendi moyoni moja kwa moja, bali hupita kwanza katika ini, kama vile magunia ya mavuno yanavyopitishwa mbele ya mweka ghala. Wakati huohuo kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, hutambua kwamba sukari imepanda, nalo hutoa katika damu homoni iitwayo insulini.

Insulini ni tarishi wa shibe, naye hubeba amri tatu. Kwanza, huiambia misuli na sehemu zenye mafuta zifungue milango na kuipokea sukari. Pili, huliambia ini liiunge sukari hiyo katika minyororo mirefu iitwayo glikojeni, iwe akiba. Tatu, huyakataza mafuta yaliyokwisha kuwekwa yasitoke ghalani. Kwa maana hakuna afunguaye akiba siku ya mavuno.

Aliyegundua kazi hii ya ini ni mtaalamu wa Ufaransa, Claude Bernard, katika karne ya 19. Wengi wakati ule walidhani kwamba mimea tu ndiyo iwezayo kutengeneza sukari, na wanyama kazi yao ni kuitumia. Bernard alionyesha kwamba ini hutoa sukari katika damu hata kama mnyama hakulishwa sukari, na mwaka 1857 akafaulu kuitenga glikojeni yenyewe.

Ini la mtu mzima aliyekula vizuri huweka glikojeni gramu 100 hivi. Misuli yote pamoja huweka gramu 400 hivi. Lakini akiba ya misuli ni ya misuli tu, kwa kuwa haina njia ya kuirudisha glukosi ile katika damu. Misuli haikopeshi. Ini ndilo kihenge cha jamaa nzima.

Chakula kinachozidi hapo hugeuzwa kuwa mafuta. Na hapa tuone hekima ya mpango huu. Gramu 1 ya wanga ina nguvu ya kilokalori 4, bali gramu 1 ya mafuta ina 9. Tena glikojeni huwekwa pamoja na maji mengi, nayo ni mizigo. Mafuta hayahitaji maji hayo. Glikojeni yote ya ini haifiki kilokalori 500, lakini mtu wa kilo 70 asiye mnene aweza kuwa na kilo 10 za mafuta, na hizo ni kilokalori 90,000 hivi. Akiba ya kwanza ni kibaba kilichowekwa mlangoni. Akiba ya pili ni ghala kubwa lililo nyuma ya nyumba. Akiba haiozi.

MWEKA GHALA AFUNGUAPO MLANGO

Saa chache zikiisha kupita baada ya chakula, utumbo hauna tena cha kutoa. Sukari yaanza kushuka kidogo, insulini nayo yapungua. Ndipo kongosho hilohilo hutoa tarishi wa pili, jina lake glukagoni, aletaye ujumbe wa kinyume: Toa! Ini huivunja glikojeni na kuimimina sukari katika damu, kidogo kidogo, kwa kadiri ubongo unavyoitumia. Kwa kuwa insulini imepungua, mafuta nayo yapata ruhusa ya kutoka. Moyo na misuli huyapokea na kuyachoma badala ya sukari. Yaani viungo vyenye nguvu, viwezavyo kula chakula cha namna nyingine, huuachia ubongo chakula kile ambacho ubongo wauhitaji. Ndivyo tupitavyo usiku wote kwa amani.

Lakini kibaba cha mlangoni si kikubwa. Mtu akikaa siku nzima bila kula, glikojeni ya ini huwa karibu kwisha. Hapo mtu aweza kusema: si kitu, ghala kubwa la mafuta lipo. Naam, lipo, lakini tatizo ni hili, kwamba mwili wa mwanadamu hauwezi kuyageuza mafuta kuwa glukosi, isipokuwa sehemu yake ndogo iitwayo gliseroli. Na chembe nyekundu za damu haziwezi kutumia kitu kingine ila glukosi. Ini lafanya nini basi? Latengeneza glukosi mpya kutoka katika gliseroli hiyo, na katika mabaki ya sukari iliyokwisha kutumiwa, na zaidi katika protini. Na protini hiyo yatoka wapi? Yatoka katika misuli. Mwili haukujiwekea ghala la protini. Kila protini iliyo ndani yake ina kazi. Kwa hiyo mtu asiyekula huanza kubomoa kuta za nyumba ili apate kuni. Katika siku za kwanza za mfungo mtu mzima huweza kupoteza protini gramu 75 hivi kwa siku, kiasi ambacho hutoka katika nyama ya mwili ya zaidi ya robo kilo.

Kama mambo yangeendelea hivyo, mtu angekufa kwa muda wa majuma machache, huku mafuta yake mengi yakiwa hayajaguswa. Kwa kuwa misuli ya moyo na ya kuvutia pumzi nayo ni protini. Lakini sivyo ilivyo. Na sababu yake ilikuwa kitendawili kwa wataalamu kwa muda mrefu.

KITENDAWILI KILICHOTEGULIWA BOSTON

Katika mji wa Boston, Marekani, mwaka 1912, mtu mmoja wa Malta, Agostino Levanzin, alikubali kufunga siku 31 akinywa maji tu, huku akipimwa kila siku na mtaalamu Francis Benedict na wasaidizi wake. Alipoteza kilo 13 hivi, lakini hakufa. Vipimo vya mkojo wake vilionyesha kwamba kadiri siku zilivyopita, mwili ulizidi kuihifadhi protini yake. Swali likabaki: ikiwa mwili haubomoi tena misuli mingi, je, ubongo ule wenye kuhitaji gramu 120 za sukari wala nini?

Jibu lilipatikana katika mji uleule mwaka 1967. George Cahill, Oliver Owen na wenzao waliwachunguza wagonjwa watatu wanene waliokuwa wakifunga hospitalini kwa majuma 5 hadi 6 chini ya uangalizi wa madaktari. Waliipima damu iingiayo katika ubongo na damu itokayo humo, wakaona jambo ambalo wengi hawakulitazamia: zaidi ya nusu ya chakula cha ubongo haikuwa glukosi tena. Ilikuwa ketoni.

Ketoni ni vitu ambavyo ini huvitengeneza kutokana na mafuta wakati insulini imepungua sana. Zamani madaktari wengi walizihesabu kuwa dalili ya ugonjwa tu, kwa kuwa walizikuta kwa wagonjwa wa kisukari. Kumbe ndizo daraja lililokuwa likitafutwa. Mafuta hayawezi kuwa sukari, lakini yaweza kuwa ketoni, na ubongo waweza kujifunza kuzitumia. Ubongo ukiisha kujifunza, mahitaji yake ya glukosi hushuka sana, na protini inayobomolewa hupungua kutoka gramu 75 hadi 20 hivi kwa siku. Ni kama mama ambaye mkaa umemwishia, akaanza kupikia kuni, ili asiivunje milango na kitanda kwa kutafuta cha kuchoma.

Lakini yatupasa tutie mambo mawili moyoni. La kwanza, badiliko hilo halifanyiki kwa saa moja. Ketoni huanza kupanda vizuri baada ya siku 2 au 3, na hufikia kiasi chake kikubwa baada ya majuma. La pili, hata daraja hili lina mwisho. Mafuta yakikaribia kwisha, mwili huirudia misuli, na safari hii haurudi nyuma. Mwaka 1981 wafungwa 10 waliogoma kula katika gereza la Maze, Ireland ya Kaskazini, walikufa baada ya siku 46 hadi 73. Walikuwa vijana, nao walikuwa wakinywa maji. Imani ya mtu juu ya jambo analolipigania haiongezi hata gramu moja katika ghala lake.

NANI HANA GHALA?

Yote tuliyoeleza ni habari ya mtu mzima, mwenye afya, aliyekula vizuri jana. Mtu wa namna hiyo akiacha mlo mmoja au miwili hadhuriki. Mwili wake umeumbwa kwa safari hiyo. Lakini katika nyumba zetu wamo wengine.

Wa kwanza ni mtoto mdogo. Kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili wake. Ubongo wake wadai sukari nyingi, na ini lake ni dogo. Kwa kila kilo ya uzito, mtoto mchanga hutumia glukosi mara mbili au tatu kuliko mtu mzima. Kibaba chake huisha upesi. Mtoto aliyelala bila kula, tena ana homa au anaharisha, aweza kuamka amelegea kabisa, au asiamke. Malaria kali nayo hushusha sukari ya mtoto. Mtoto akiwa na degedege au akipoteza fahamu, akimbizwe hospitali mara moja, na asimiminiwe kitu kinywani kwa nguvu, asije akapaliwa. Mgonjwa awezaye kumeza na alishwe, hata ikiwa ni uji kidogo kidogo, na mtoto wa kunyonya asikatishwe ziwa. Ile desturi ya kumnyima mtoto mgonjwa chakula ati tumbo lipumzike ni hatari.

Wa pili ni mama mjamzito. Yeye ana mlaji wa pili asiyengoja. Kwa sababu hiyo akikosa chakula mwili wake huingia katika hali ya mfungo upesi kuliko wanawake wengine, na ketoni hupanda mapema.

Wa tatu ni mgonjwa wa kisukari. Wako wagonjwa ambao kongosho lao halitoi tena insulini. Kumbuka, msomaji, insulini ndiye tarishi wa shibe. Tarishi huyo asipokuwapo, mwili hudhani kwamba kuna njaa, ijapokuwa damu imejaa sukari. Ini hutoa sukari nyingine juu ya ile iliyopo; mafuta yote hufunguliwa; ketoni humiminika bila kipimo mpaka damu inakuwa na asidi. Mgonjwa huona kiu, hukojoa sana, hutapika, hupumua kwa nguvu, na pumzi yake hunuka kama matunda yaliyoiva mno. Ni mtu afaye njaa katikati ya ghala lililojaa. Kabla ya mwaka 1922 wengi wao, watoto na vijana, walikufa bila dawa. Mnamo Januari mwaka huo, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini iliyotokana na kazi ya Frederick Banting na Charles Best, ikasafishwa na James Collip, akaishi miaka mingine zaidi ya 10. Basi mgonjwa wa namna hii asiache insulini kamwe, hata siku asiyoweza kula, wala asiiache kwa kuambiwa kwamba ameombewa na kupona. Anayetaka kufunga, awe Mkristo au Mwislamu, amwone daktari kwanza. Kwa maana insulini, na baadhi ya vidonge vya kisukari, mtu akivitumia bila kula, vyaweza kuishusha sukari hata akazimia.

Wa nne ni mlevi. Tumeona kwamba baada ya siku moja bila chakula ini hutengeneza sukari mpya. Pombe huizuia kazi hiyo. Mtu aliyeshinda na kulala kilabuni bila kula, kibaba chake kimekwisha na kiwanda chake kimefungwa. Watu humwona amelala barabarani, husema amelewa, humpita. Kumbe huenda sukari yake inakwisha, naye anakufa. Pombe hiyohiyo ikinywewa na mtoto ambaye hakula ni sumu kubwa zaidi.

Wa tano ni yule aliyekonda kwa njaa au kwa ugonjwa wa siku nyingi, pamoja na wazee wengi. Huyu ghala lake limekwisha kufagiliwa. Kumwambia afunge ni kumwambia abomoe ukuta wa mwisho.

HABA NA HABA

Na tuongeze neno juu ya kumlisha mtu kama huyo, kwa sababu huruma isiyo na maarifa yaweza kuua. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watu waliotoka katika makambi na magereza wakiwa wamedhoofika walipewa chakula tele, na baadhi yao wakafa papo hapo penye shibe. Leo twajua sababu. Chakula kingi kikiingia ghafula, insulini hupanda ghafula, nayo huvuta chumvichumvi za damu, yaani fosfati, potasiamu na magnesiamu, kuingia ndani ya chembe za mwili. Damu hubaki bila hizo, na moyo hushindwa.

Ndiyo maana mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu kwa utapiamlo hapewi mara moja sahani iliyojaa. Hospitalini huanzishiwa maziwa maalumu yaitwayo F-75, yenye kilokalori 75 katika mililita 100, kwa vipimo vidogo, mara nyingi, mchana na usiku. Akiisha kutulia ndipo hupewa yaliyo na nguvu zaidi. Haba na haba hujaza kibaba. Na hapa kibaba ni uhai wa mtoto. Mama asione kwamba wauguzi wana choyo.

MFUNGO USIO WA MUNGU

Mwezi wa Aprili 2023 ilifunuliwa habari iliyotutia simanzi sote. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, nchi jirani ya Kenya, yalipatikana makaburi ya wafuasi wa kikundi kimoja cha dini. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na wengi walikuwa watoto. Madaktari walikuta dalili za njaa katika miili mingi, na katika mingine dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Waliookoka walisimulia kwamba watu waliambiwa wafunge mpaka kufa, ili wakutane na Mwokozi.

Baada ya somo letu twaweza kuona jinsi udanganyifu wa namna hii unavyopata nguvu. Wengi waliofunga kwa siku nyingi wamesimulia kwamba baada ya siku chache za kwanza uchungu wa njaa hupungua, na mtu huona utulivu. Asiyejua husema: Tazama, Mungu ameniondolea njaa, na niendelee. Kumbe ni mwili tu uliohamia kwenye mafuta na ketoni. Ni rehema ya Muumba kwa mtu aliyepotea jangwani, ili apate nguvu ya kutafuta chakula. Si sauti imwambiayo asile tena. Na wale watoto hawakufunga hata siku moja. Walinyimwa chakula.

Linganisheni jambo hilo na sheria ya Kanisa. Kadiri ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, wanaodaiwa kufunga ni wale waliotimiza miaka 18, mpaka waanzapo mwaka wa 60. Siku za lazima ni mbili: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Nao mfungo huo, kwa desturi, huruhusu mlo mmoja kamili na chakula kidogo mara mbili. Mtoto hamo, mzee hamo, na mgonjwa na mama mjamzito husamehewa. Hata mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo Takatifu hauvunjwi na maji wala dawa, na wazee, wagonjwa na wale wanaowauguza hawafungwi na saa hiyo. Mgonjwa wa kisukari anayehitaji kumeza kidonge au kula ili sukari isishuke asione haya wala hofu. Waliotunga sheria hizi hawakuwa na vipimo vya damu mkononi, lakini walimjua mwanadamu: walimdai mwenye ghala, wakamwacha asiye nalo.

Tuseme neno pia kwa wale wanaofunga kwa ajili ya unene. Si vibaya, ikiwa mtu ni mzima na daktari hakukataza. Lakini yasitiwe chumvi. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba kufunga kwa zamu hupunguza uzito karibu sawa na kupunguza chakula cha kila siku, wala si dawa ya kila ugonjwa. Anayekula kupita kiasi baada ya kufunga hulijaza ghala lilelile alilolipunguza. Na anayekunywa soda na kutafuna mandazi tangu asubuhi hata usiku hampi tarishi wa shibe nafasi ya kupumzika.

TUFANYE NINI?

Basi, wazazi, yatazameni majumba yenu kwa macho ya mweka ghala. Jueni ni nani chini ya dari yenu awezaye kuacha mlo, na ni nani asiyeweza. Mtoto asilale na njaa ikiwa kuna kitu chochote cha kumpa. Mgonjwa wa kisukari asijifungie mfungo wake kwa siri. Mtu akiwaambia kwamba imani ya kweli huonekana kwa kuacha dawa au kuwanyima watoto chakula, msimfuate, bali toeni habari kwa viongozi wa serikali na wa dini mapema.

Na sisi wenye afya, tufungapo, tukumbuke msemo mwingine wa wahenga: Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Siku ya mfungo humpa mwenye shibe nafasi fupi ya kumjua mwenzake. Saa chache za kuona kizunguzungu na udhaifu, huku akijua kwamba jioni chungu kitakuwa mekoni, zamwonjesha kidogo yale ambayo jirani yake huyabeba kila siku bila kujua yatakwisha lini. Lakini kuonja tu hakutoshi. Kile tulichokiacha mezani kina mwenyewe. Unga uliobaki siku ya mfungo usirudi kabatini ukingoje kesho. Upelekwe kwa yule ambaye kihenge chake ni kitupu, upelekwe leo, kabla watoto wake hawajalala.